Chora kwenye vumbi kwanza: namna ya kujifunza namba changamano ukiwa mwanafunzi wa uhandisi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini ulio nje ya chumba ninachopanga Ng'ong'ona, wanakuja wanafunzi wawili au watatu wa uhandisi na madesa yao mkononi. Kitu cha kwanza ninachowaomba ni kuyaweka madesa pembeni na kila mmoja kutafuta kijiti. Vumbi la Dodoma ni laini, linashika mchoro vizuri kama upepo haujaamka.

Tunachora mistari miwili inayokatana, mmoja umelala, mwingine umesimama. Mmoja wao anasimama kwenye makutano akiangalia kulia, anapiga hatua tatu. Hapo alipofika panaitwa 3. Namwambia, "Zidisha kwa hasi moja." Anarudi katikati, anageuka, anapiga hatua tatu upande wa pili. Amefika −3. Kwa hiyo kuzidisha kwa −1 ni kugeuka nusu duara, nyuzi 180. Ndipo ninapouliza: ni kitendo gani ambacho ukikifanya mara mbili mfululizo unajikuta umegeuka nusu duara?

Hajatokea aliyekosa. Robo duara. Basi hiyo robo duara ndiyo j. Kuandika j × j = −1 ni kusema tu kwamba robo na robo ni nusu. (Wahesabu wanaandika i, sisi wa umeme herufi hiyo tulishaipa kazi ya mkondo.)

Nasisitiza kuanzia hapo kwa sababu mimi sikuanzia hapo. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikakutana na mada hii kidato cha sita, nikakariri kila kanuni na nikafaulu. Mwaka wa pili chuoni, kozi ilipofika kwenye kontua (njia unayoifuata ukiintegreti) na residyu (nitaieleza mbele), kukariri kukagoma. Nilipata sapu, mtihani wa marudio. Likizo ile niliirudia mada nzima tangu mwanzo kwa kuchora, na ndiyo njia ninayoieleza hapa.

Jina lenyewe la j linapotosha. Mtu akiambiwa "namba ya kufikirika" anadhani anafundishwa kitu ambacho hakipo. Ukweli ni kwamba namba hizi zilikuja kwa sababu watu walikuwa na jibu la kweli mkononi wakashindwa kulifikia bila kupitia kwake. Chukua mlinganyo x³ = 15x + 4. Jibu 4 unaliona kwa macho: 64 ni sawa na 60 na 4. Lakini kanuni aliyoichapisha Cardano mwaka 1545 inasema jibu ni jumla ya vipeuo vya tatu viwili: cha 2 jumlisha kipeuo cha pili cha −121, na cha 2 toa hichohicho. Watu walikwama hapo. Mwaka 1572 Bombelli akathubutu kuendelea na hesabu kana kwamba hakuna tatizo. Fanya mwenyewe kwenye karatasi: (2 + j) ukiizidisha yenyewe mara tatu inakuwa 2 + 11j, na 11j ndiyo kipeuo cha −121. Pacha wake ni (2 − j). Zijumlishe: j zinakufa, inabaki 4. Njia ilipita nje ya mstari wa kawaida ikarudi kwenye mstari ikiwa na jibu sahihi. Usipite hapa haraka. Zoezi hili moja linaondoa hofu kuliko kurasa kumi za maelezo.

Mambo mawili ya mkono kabla ya nadharia

Kila namba changamano, yaani namba ya kawaida ikijumlishwa na j kadhaa, ina sura mbili. Ya kwanza ni hatua za kulia na za juu, mfano 3 + 4j. Ya pili ni urefu na pembe: ileile 3 + 4j ni urefu 5, pembe nyuzi 53.13. Ukijumlisha au kutoa, tumia ya kwanza. Ukizidisha au kugawa, tumia ya pili, kwa kuwa urefu unazidishwa na pembe zinajumlishwa tu. Fanya mabadiliko haya mara hamsini, kweli hamsini, mpaka mkono uende wenyewe.

Na uwe makini na kikokotoo. Wengi wana Casio fx-991, ambayo ina modi ya namba changamano. Jifunze kuitumia, lakini kwanza angalia kama iko kwenye nyuzi au radiani. Halafu kuna mtego wa tanjenti. Mpe mwanafunzi −3 − 4j, atagawa 4 kwa 3, atabonyeza tanjenti ya kinyume, atapata 53.13 na kuandika hivyo. Lakini nukta hiyo iko chini kushoto! Pembe yake ni −126.87. Kikokotoo hakijui hasi zako mbili zilikutana zikafutana. Aliyechora kwanza hawezi kudanganyika, kwa sababu anaiona ilipo.

Tukitoka hapo tunakutana na e yenye kipeo jθ (θ ni pembe kwa radiani), kanuni ya Euler ya mwaka 1748. Wengi wanaiamini tu. Mimi nawaeleza kwa ng'ombe. Kwetu ng'ombe akifungwa kwenye kigingi kwa kamba, na kamba ikabaki imekaza, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Anaweza kwenda pembeni tu, yaani daima nyuzi 90 na kamba. Mnyama anayekwenda pembeni wakati wote anachora duara. Sasa difrenshieti (tafuta kasi ya kubadilika ya) e yenye kipeo jθ: unapata j mara kitu kilekile. Mwendo ni j mara ulipo. Nyuzi 90 na kamba, wakati wote. Ndiyo maana inazunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo 1, na ndiyo maana kosaini ndiyo kivuli chake cha kulia na saini kivuli chake cha juu.

Mashine ya baba mdogo

Nilipoelewa kwamba somo hili si la mtihani tu nilikuwa Kibaigwa, nyumbani kwa baba mdogo, ambaye ana mashine ya kukoboa na kusaga karibu na soko la mahindi. Nilimkuta ameshika waya unaotoka kwenye mita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo ushike hapa, injinia. Waya unachemka kama sufuria."

Niliuazima mkono wa fundi wake na klampu mita yake. Mota zilikuwa zinavuta takriban ampea 21.6 kwa kila fezi, kwenye volti 400 kati ya fezi na fezi. Mzigo wote ulikuwa kilowati 12 za kazi ya kweli, ile inayovunja mahindi. Lakini mota inahitaji pia umeme wa kujenga sumaku yake, unaokwenda na kurudi bila kusaga chochote. Huo ulikuwa kilovari 9. Hivi viwili havijumlishwi kuwa 21, kwa sababu havisukumi kwa wakati mmoja: mmoja uko nyuzi 90 na mwenzake. Yaani vinakaa kama 12 + 9j. Urefu wake ni 15. Waya ulikuwa unabeba kVA 15 (kipimo cha mzigo wote, wa kazi na wa sumaku) ili kupata kazi ya 12.

Kapasita inafanya kinyume cha sumaku ya mota, kwa hiyo yenyewe ni namba inayoelekea chini. Fundi alifunga kapasita ya fezi tatu ya kilovari 5, sambamba na mota. 12 + 9j ukiongeza −5j unabaki na 12 + 4j. Urefu: 12.65. Klampu mita ikasoma ampea 18.3. Nilikuwa nimeshaipata namba hiyo kwenye daftari kabla fundi hajawasha, na ilipotokea kwenye kioo cha mita niliishika ile karatasi kwa muda mrefu.

Nilimweleza baba mdogo ukweli wote: uniti za LUKU hazitashuka sana, kwa kuwa mita yake inahesabu kilowati za saa, si kVA. Kilichopungua ni joto la waya, kwa sababu joto linafuata mkondo ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe. Kutoka 21.6 kwenda 18.3 ni joto pungufu kwa zaidi ya robo. Kwake hilo lilitosha.

Ukitaka kujua nani aliwaletea wahandisi njia hii, Charles Steinmetz aliiwasilisha mbele ya wenzake kule Chicago mwaka 1893. Kabla yake watu walikuwa wanapambana na saini na kosaini kurasa kwa kurasa. Wazo ni hili: umeme wa nyumbani, wa mashine ya kusaga, na hata ule wa volti 25,000 unaovuta treni ya SGR kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Dodoma, wote ni mishale inayozunguka mara 50 kwa sekunde. Kama yote inazunguka pamoja, hakuna haja ya kuihangaikia mizunguko. Ipige picha ikiwa imesimama, ushughulike na urefu na pembe zilizo kati yao. Picha hiyo ndiyo fazori.

Sasa analisisi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na mara nyingi ni wale waliotoka moja kwa moja kidato cha sita. Waliopitia vyuo vya ufundi wanashika fazori haraka lakini wanaogopa nadharia. Wote nawapa picha ileile ya kijiti.

Fanksheni ya namba changamano inachukua nukta kwenye mchoro mmoja na kuipeleka kwenye mchoro wa pili. Swali la kudifrenshieti ni hili: ukipiga hatua ndogo sana upande wa kwanza, upande wa pili hatua hiyo inatokea vipi? Jibu zuri ni: inatokea ikiwa imegeuzwa kwa pembe fulani na kurefushwa kiasi fulani, na pembe na kiasi hicho ni kilekile hata ukipiga hatua kuelekea wapi. Fanksheni yenye tabia hiyo katika eneo zima tunaiita analitiki.

Kutoka hapo milinganyo ya Cauchy na Riemann, yaani masharti ya kuwa analitiki, ambayo watu wanaikremu na kuchanganya alama ya hasi, unaweza kuitoa mwenyewe kwa dakika moja. Andika f = u + jv: u ni sehemu ya kulia ya tokeo, v ya juu. Hatua ndogo ya kwenda kulia inatoa u_x + j v_x, yaani mabadiliko ya u na v kwa kila hatua ya kulia. Hatua ya kwenda juu inatoa u_y + j v_y. Lakini hatua ya juu si nyingine ila hatua ya kulia iliyozidishwa kwa j. Kwa hiyo tokeo lake lazima liwe tokeo la kulia mara j:

j(u_x + j v_x) = −v_x + j u_x

Linganisha sehemu halisi kwa halisi, na ya kufikirika kwa ya kufikirika: u_y = −v_x, na v_y = u_x. Hasi imejileta yenyewe mahali pake. Kisha jaribu fanksheni inayogeuza x + jy kuwa x − jy. Hatua ya kulia inabaki kulia, ya juu inakwenda chini. Ni kioo, si mzunguko. Imeshindwa mtihani, na umeona kwa macho kwa nini.

Kwenye kuintegreti, yaani kujumlisha hatua ndogo za njia kila moja ikizidishwa kwa fanksheni, ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi, kwa sababu ukielewa hesabu moja hapa umeshaelewa nusu ya kozi. Chora duara lenye nusu kipenyo 1, katikati ni sifuri, uweke nukta 12 kama za saa ya ukutani. Anzia kwenye namba 3 ya saa uende kinyume cha mwendo wa saa: 3, 2, 1, 12, mpaka urudi. Kila hatua ni mshale mfupi kutoka nukta moja hadi inayofuata. Urefu wake ni saini ya nyuzi 15 mara mbili, yaani 0.5176.

Tunataka kuintegreti 1/z, z ikiwa nukta uliyopo, kwa hiyo kila mshale tunaugawa kwa z iliyo katikati ya tao la hatua hiyo. Kumbuka ng'ombe: mshale wa mwendo uko nyuzi 90 mbele ya z. Ukigawa, pembe zinatolewa, zinabaki nyuzi 90 tupu. Hatua ya kwanza inatoa 0.5176j. Ya pili? Mshale umegeuka nyuzi 30, na z nayo imegeuka nyuzi 30. Inatoa 0.5176j. Ya tatu hivyohivyo. Zote 12 zinaelekea upande mmoja, hakuna inayomfuta mwenzake: jumla 6.21j. Ukitumia nukta 24 unapata 6.265j. Unaona inakoelekea: 2πj.

Sasa badala ya 1/z weka z². Mshale unageuka nyuzi 30, na z² inageuka nyuzi 60, na kuzidisha kunajumlisha pembe: kila hatua iko nyuzi 90 na iliyotangulia. Hatua nne zinafunga mraba na kurudi mwanzo. Ukimaliza 12 umezunguka mraba uleule mara tatu, jumla sifuri. Jaribu 1/z²: inageuka nyuzi 30 kinyumenyume, hatua 12 zinafunga umbo lake, sifuri tena. Jaribu kipeo chochote kizima unachotaka (kikiwa kikubwa, kama 11, ongeza nukta za saa). Vyote vinajifuta isipokuwa 1/z peke yake, kwa sababu ni yenyewe tu inayogeuka sawasawa na hatua zako.

Nikimaliza zoezi hili nanyamaza kidogo. Mara nyingi kuna mmoja anayesema, "Kumbe residyu ni hiyo." Ndiyo. Fanksheni inaweza kuwa imevurugika namna gani karibu na poli yake, yaani nukta ambapo asili yake (sehemu ya chini ya mgawanyo) inakuwa sifuri, lakini ukiifungua kuwa mfululizo wa vipeo na kuizunguka, kila kipande kinajifuta na kinasalia cha 1/z. Namba iliyo mbele ya kipande hicho ndiyo residyu, na jina hilo maana yake ni masalia. Zidisha kwa 2πj, umemaliza. Cauchy alitangulia kulisema kwa lugha nzito zaidi. Wewe umelihesabu kwa kijiti.

Kuhusu namna ya kusoma kwa wiki, nina machache tu. Pasti pepa ziache mpaka uweze kufanya zoezi la saa bila kuangalia popote. Kwenye diskasheni, anayeeleza achore. Asiyeweza kuchora bado hajaelewa, hata kama jibu lake ni sahihi. Na usilale na swali la alama ya hasi. Kesho litakuwa limezaa mengine.

Jambo la mwisho ni kuunganisha hizi poli na mitambo. Chukua sakiti au mtambo ambao fanksheni yake ya Laplace, ile yenye s inayoeleza jinsi mtambo unavyojibu, ni 1 juu ya s² + 2s + 5. Asili inakuwa sifuri pale s inapokuwa −1 + 2j na −1 − 2j. Zichore. Ziko kushoto kwa mhimili uliosimama, na ukushoto huo, ile −1, unakwambia mtetemo utakufa kwa kasi ya e yenye kipeo −t. Urefu wa kwenda juu, 2, unakwambia utatetemeka kwa radiani 2 kwa sekunde wakati unakufa. Ukiupiga mtambo huo kishindo kimoja, jibu lake ni nusu ya e yenye kipeo −t mara saini ya 2t. Na ile nusu inatoka kwenye residyu za poli mbili. Poli ikihamia kulia, mtetemo unakua badala ya kufa, na hapo kitu kinaungua. Mhandisi anayechora poli za mtambo wake anaona hilo kabla ya kuwasha.

Fanya hili peke yako leo. Asili ni ileile, ila s iwe x: integreti 1 juu ya x² + 2x + 5, kutoka hasi isiyo na mwisho hadi chanya isiyo na mwisho. Njia yako ipite juu ya mhimili wa kulala, halafu ifunge kwa nusu duara kubwa la upande wa juu. Nusu duara hilo likikua, urefu wake unakua kama R lakini asili inakua kama R mara R, kwa hiyo mchango wake unayeyuka. Ndani ya njia imebaki poli moja, −1 + 2j, na residyu yake ni 1 juu ya 4j. Jibu ni π/2. Ukipata −π/2, umefungia njia upande wa chini ukasahau kwamba huko mzunguko unafuata mwendo wa saa, hivyo unaongeza hasi. Shika kijiti uchore mishale ya njia yako upya.